Pumzi na Umeme: Bendi ya Chicago Jukwaani, 1969–1972

Ni nadra kazi ya sanaa kukanwa na wenyewe walioifanya hali umma ungali unaishangilia. Bahati hiyo mbaya iliipata albamu ya Chicago at Carnegie Hall, iliyotolewa nchini Marekani tarehe 25 Oktoba 1971. Ilikuwa na sahani nne za santuri, jambo ambalo kwa bendi ya roki lilikuwa ujasiri unaokaribia ufidhuli. Ikanunuliwa kwa wingi, ikapanda hata daraja la tatu katika orodha ya mauzo. Na juu ya hayo yote wale waliopuliza ala ndani yake hawakuipenda. James Pankow, mpiga tromboni na mpangaji mkuu wa sauti za kupulizwa katika bendi hiyo, alisema waziwazi kwamba ala zao zilisikika humo kama vidude vya kuchezea watoto vinavyovumishwa mdomoni. Tangu hapo wahakiki wengi wamelirudia neno hilo kana kwamba ni hukumu ya kadhi isiyokatiwa rufaa.

Inafaa rufaa ikatwe. Pankow alisema kweli juu ya sauti. Lakini uzuri wa sauti ni sehemu moja tu ya yale yanayosikika katika onyesho, na mwenye kupuliza si lazima awe msikilizaji bora wa kile alichokipuliza. Ili kulipima jambo hili kwa haki yapasa kuitazama bendi yenyewe jukwaani katika miaka yake ya mwanzo, kutoka Toronto mwaka 1969 hata Osaka mwaka 1972, na kuuliza ala za kupulizwa zilikuwa na kazi gani katikati ya magitaa ya umeme.

Kwanza neno moja juu ya majina. Katika mazungumzo ya mitaani ala zote za namna hii huitwa matarumbeta, na mtu aliyealikwa kwenye arusi yenye matarumbeta haulizi ni ala zipi zitakazopigwa. Kwa mjadala huu jina hilo la jumla halitoshi. Chicago ilikuwa na wapulizaji watatu, na kila mmoja alishika ala yenye tabia yake. Lee Loughnane alipiga tarumbeta, ambayo sauti yake ni ya juu na kali na haina mahali pa kujificha ikikosea. Pankow alipiga tromboni, ambayo huteleza kutoka sauti hata sauti kama mtu aburuzaye maneno yake. Walter Parazaider alipiga saksafoni, iliyokaa baina ya hizo mbili na kuzipatanisha, na mara kwa mara aliiweka chini akashika filimbi. Ala tatu ni chache. Bendi kubwa za jazi za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa na wapulizaji kumi au zaidi, waliogawana mzigo na kupumzishana; hawa watatu hawakuwa na wa kuwapumzisha.

Historia ya mwanzo yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Bendi iliundwa mjini Chicago mwezi wa Februari 1967. Wapulizaji wote watatu walikuwa wamepita katika Chuo Kikuu cha DePaul, na Parazaider alikuwa amefunzwa klarineti kwa ajili ya okestra. Pamoja nao walikuwa Terry Kath wa gitaa, ambaye hakuwa na elimu yao ya chuoni, Danny Seraphine wa ngoma, na Robert Lamm wa kinanda. Peter Cetera wa gitaa la besi akajiunga mwishoni mwa mwaka ule ule. Walijiita The Big Thing, wakapiga nyimbo za watu wengine katika vilabu vya majimbo ya kati, mpaka mtayarishaji James William Guercio alipowahamishia Los Angeles mwaka 1968 na kuwapa jina la Chicago Transit Authority, ambalo ni jina la shirika la mabasi na treni la jiji lao. Shirika halikupendezwa, na jina likafupishwa. Huko Los Angeles walipiga katika klabu ya Whisky a Go Go, na inasimuliwa kwamba Jimi Hendrix aliwasikia akamsifu Kath kuliko alivyojisifu mwenyewe. Masimulizi ya namna hiyo hunawiri upesi. Lililo hakika ni kwamba baadaye walisafiri naye, wakitangulia jukwaani kabla yake. Albamu yao ya kwanza, ya sahani mbili, ilitoka Aprili 1969.

Kabla yao, katika muziki wa soul wa Marekani, ala za kupulizwa zilikuwa na kazi inayofanana na kiitikio. Mwimbaji akisema, tarumbeta na saksafoni hujibu. Akinyamaza, huziba pengo. Akipandisha hamasa, hupiga kishindo cha pamoja na kunyamaza tena. Ni kazi ya heshima, na katika bendi ya James Brown ilifikia ukamilifu ambao Chicago haikuufikia. Lakini ni kazi ya kumtumikia mwingine. Pankow aliwaza vingine. Yeye alitaka wapulizaji watatu wahesabiwe kama mwimbaji mmoja zaidi, mwenye maneno yake mwenyewe hata kama hayana herufi. Katika “Introduction”, wimbo wa Kath uliofungua albamu ya kwanza na uliotumiwa mara nyingi kuwakaribisha wasikilizaji, mwendo hubadilika katikati ghafula, na tromboni na tarumbeta hupewa zamu ya kusema peke yake sawasawa na gitaa. Katika “Beginnings”, wimbo wa Lamm, maneno yakiisha wimbo hauishi: tarumbeta na tromboni hushika mazungumzo na kujibizana kwa muda mrefu, kama walumbi wawili ambao kila mmoja hutaka kumaliza yeye. Ala za kupulizwa hapo zimetoka katika uitikiaji, zimekuwa wahusika.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo yote yamo katika santuri za studio, basi kwa nini kuhangaika na maonyesho? Jibu limo katika pumzi.

Gitaa la umeme halichoki. Vidole vya mpigaji huchoka, lakini ukubwa wa sauti hutoka kwenye mashine: akigeuza kitufe ngurumo huongezeka, na noti moja aweza kuifanya ivume kwa muda mrefu kupita kiasi cha mtu yeyote kushikilia pumzi. Kath alipenda kulionyesha jambo hili. Katika albamu ya kwanza kimo kipande chake cha karibu dakika saba ambacho ni mlio wa gitaa na spika peke yake, bila wimbo na bila mwendo. Mpuliza tarumbeta hana kitufe. Noti yake ya juu hutengenezwa na midomo iliyobanwa na hewa iliyosukumwa kutoka tumboni, na misuli ya midomo ni midogo; ikilegea, noti hupasuka au huanguka, na hakuna dawa ila kupumzika. Tena kuna jambo la kujisikia. Katika miaka ile vyombo vya jukwaani vilikuwa duni. Spika za kumrudishia mpulizaji sauti yake ama hazikuwapo ama zilizidiwa na vishindo vya ngoma na gitaa vilivyokuwa nyuma ya kisogo chake. Mtu asiyejisikia hupuliza kwa nguvu kuliko inavyompasa. Apulizaye hivyo huchoka mapema, na sauti yake hupotoka kidogo na mahali pake pa haki. Hata maikrofoni iliyowekwa mbele ya tarumbeta ilikuwa ikinasa gitaa pamoja nayo, hivyo fundi akiongeza tarumbeta huongeza na gitaa.

Kwa hiyo bendi ya roki yenye wapulizaji ilikuwa ni ndoa ya vitu viwili visivyo na kipimo kimoja: umeme usio na mwisho na pumzi yenye mwisho. Studio ilificha tofauti hiyo. Wapulizaji walirekodi sehemu zao, kisha wakazirekodi tena juu ya zile za kwanza, wakasikika kama sita, wakichoka, walipumzika, noti ikipasuka, ilirudiwa. Jukwaani watatu walikuwa watatu. Kila kifungu cha muziki wao kilikuwa na urefu ambao mapafu yanaweza kuubeba, na baada yake pakawa na pengo dogo ambalo gitaa na ngoma zililiruka bila kulijali. Mshairi wa Kiswahili halihitaji somo hili. Mshororo wa mizani kumi na sita huimbika kwa pumzi moja au mbili, na kipande cha kati ndicho kituo cha kuvutia nyingine. Bahari za mashairi zimepimwa kwa kifua kabla ya kupimwa kwa kalamu. Kile kilichowaingizia maonyesho ya Chicago mvuto ambao santuri zao za studio hazina ni hiki: kwamba katikati ya nguvu isiyochoka husikika watu watatu wanaochoka.

Ushahidi wa kwanza ni wa Toronto. Tarehe 13 Septemba 1969 bendi ilipiga katika tamasha lililofanywa kwenye uwanja wa michezo wa Varsity, siku ile ile ambayo John Lennon alitokea na bendi yake mpya. Kanda ya onyesho hilo imetolewa na kuuzwa mara nyingi mno, kwa majina na majalada mbalimbali, na sauti yake ni mbovu kuliko ya Carnegie Hall. Hata hivyo inafundisha. “25 or 6 to 4” ilipigwa hapo miezi kadhaa kabla ya kutolewa kwa santuri, na wapulizaji wanaibeba bila ya kujua kwamba utakuwa wimbo wao mashuhuri. Kwa sikio la leo ambalo limeuzoea wimbo huo kama desturi, kuusikia ukiwa bado ni habari mpya ni faida kubwa. Yako pia makosa ya uchanga: “Liberation”, ambayo sehemu kubwa ni gitaa la Kath likitangatanga, inawaacha wapulizaji wamesimama bila kazi kwa muda mrefu, na jukwaa linakuwa la mtu mmoja.

Yafaa kukumbusha, kwa kuwa wasimulizi wengi hulisahau, kwamba Cetera alipiga maonyesho ya majira yale akiwa ametoka kuvunjwa taya. Mwezi wa Mei 1969 alishambuliwa katika mchezo wa besiboli na watu waliochukizwa na nywele zake ndefu. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alijifunza kuimba upya huku taya limefungwa kwa waya, na namna ile ya kutamka kwa kinywa kisichofunuka sana ikabaki katika uimbaji wake. Mdomo basi haukuwa tabu ya wapulizaji peke yao.

Shahidi mkubwa zaidi ni filamu ya Tanglewood. Mahali hapo, katika jimbo la Massachusetts, ndipo Okestra ya Simfoni ya Boston inapopiga wakati wa kiangazi. Bill Graham alipaleta wapigaji wa roki, na tarehe 21 Julai 1970 ikawa zamu ya Chicago. Bendi ilikuwa imetoa albamu ya pili miezi sita kabla yake, na haikuwa bado imelemewa na umaarufu. Filamu ina fadhila ambayo santuri haina: huonyesha kazi. Kifua kinaonekana kikijaa kabla ya noti; mtu anaonekana akiipangusa midomo na kusubiri. Katika “I'm a Man”, wimbo waliouazima kutoka kwa Spencer Davis Group ya Uingereza, wapulizaji huweka ala zao kando na kushika njuga, vijiti na kengele ya ng'ombe, na bendi nzima hugeuka kuwa ngoma. Wahakiki wameuita mtindo huo burudani ya macho. Ni zaidi ya hapo: ndipo midomo inapopata mapumziko yake. Mpangilio wa onyesho zima umefuata mahitaji ya mwili, ukaweka wimbo wa ngoma pale ambapo tarumbeta haiwezi tena, na lile lililokuwa dharura likawa sanaa. Hapana shaka kwamba hicho ndicho kipande ambacho watazamaji wengi hukikumbuka.

Tanglewood ilisikika pia kazi ambayo ndiyo kipimo cha haki cha bendi hii, nayo ni “Ballet for a Girl in Buchannon”, utungo wa Pankow wa sehemu saba unaochukua dakika kumi na tatu hivi. Pankow amesema kwamba alikuwa akisikiliza konseto za Brandenburg za Bach alipoufikiria. Huanza kwa furaha ya “Make Me Smile”, ukapita katika mashaka na mbio za ala peke yake, ukatulia katika “Colour My World”, ambapo kinanda hutembea hatua kwa hatua na filimbi ya Parazaider husema mwisho baada ya Kath kuimba maneno machache, kisha ukarudi katika furaha ya kwanza ukiwa umejifunza huzuni njiani. Redio haikuwa na dakika kumi na tatu za kutoa. Kampuni ikachukua sehemu ya kwanza na ya mwisho, ikaziunganisha, ikatupa za kati, na kipande hicho kikafika daraja la tisa katika mauzo ya mwaka 1970. Ni kama kuuchapa utenzi kwa kuchukua beti za kumhimidi Mungu mwanzoni na beti za kujitaja mtunzi mwishoni, na kuvitupa vita vyote. Furaha ya mwisho haina maana kwa asiyepita katikati. Kizazi kizima kiliujua wimbo huo hivyo, na waliohudhuria maonyesho ndio waliopata kuujua mzima.

Onyesho la Isle of Wight nchini Uingereza, tarehe 28 Agosti 1970, mbele ya umati usiohesabika kwa urahisi, halihitaji maneno mengi. Lilitolewa kwa santuri mwaka 2018, na huonyesha bendi imara ikipiga kwa haraka kidogo kuliko ilivyopasa. Katika uwanja mpana pumzi hupotea hewani. Kuna ujasiri mwingi na siri chache.

Sasa Carnegie Hall. Kuanzia tarehe 5 hata 10 Aprili 1971 bendi ilipiga hapo mara nane katika siku sita. Ukumbi huo wa New York ulifunguliwa mwaka 1891, una viti vipatavyo 2,800, nao ulijengwa ili fidla moja isiyo na umeme isikike hata kiti cha nyuma kabisa. Ukumbi wa namna hiyo hauna huruma na spika. Kila mlio huongezwa na kuta, na milio mikubwa ikiongezwa yote kwa pamoja hufunikana. Aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa na sauti ya asili, maana gitaa na ngoma zilijaza nafasi ambayo tarumbeta ilipaswa kuijaza. Ongeza midomo ya watu watatu katika maonyesho nane mfululizo, na lalamiko la Pankow linaeleweka. Ala zao ni nyembamba katika albamu ile, tena ziko mbali, na mahali pengine zimekosana kidogo na kinanda. Hakuna utetezi utakaozifanya nene.

Lakini wembamba huo ulikuwa nini? Sehemu yake ni ubovu wa kunasa sauti, na sehemu yake ni kweli tupu. Wale sita wa studio walikuwa kiini macho, na Carnegie Hall iliwarudisha kuwa watatu. Mwenye kuisikiliza “Ballet” ya albamu hii baada ya ile ya studio hulisikia jambo ambalo studio ililifuta: kwamba sehemu za kati zina hatari. Mbio za ala katika “West Virginia Fantasies” si lazima zifike salama. Filimbi inapoingia baada yake, Parazaider ametoka sasa hivi kwenye saksafoni, na utulivu wa “Colour My World” unakuwa ni utulivu wa mtu anayetafuta pumzi yake. Kisha furaha inaporudi, tarumbeta haiifikii kwa wepesi, inaipanda. Maana ya utungo, kwamba furaha ya pili ina gharama, imeingia katika utendaji wenyewe. Toleo la studio huieleza maana hiyo kwa uzuri zaidi, la Carnegie Hall huilipia.

Haina maana kwamba kila kilichomo katika sahani nne kilistahili kuwamo. Lamm anaifungua “Does Anybody Really Know What Time It Is?” kwa kinanda peke yake kwa dakika nyingi, akibuni papo hapo, na ubunifu huo una elimu kuliko haja, msikilizaji mvumilivu huanza naye kujiuliza saa ngapi. “South California Purples” inarefushwa mpaka wazo lake dogo linachakaa. “It Better End Soon”, utungo mrefu wa kupinga vita vya Vietnam, una ugonjwa wa tungo nyingi za mawaidha: mtunzi hana shaka, na kwa hiyo hana cha kugundua. Kath anahubiri kwa moyo safi, na mahubiri yanabaki mahubiri. Linaloiokoa ni filimbi tena. Parazaider anapopewa zamu yake, hewa husikika ikipita mdomoni kabla ya kugeuka noti, na katika dakika hizo vita vinapingwa na kitu chepesi kuliko hoja.

Siasa hizo hazikuwa pambo. Bendi hii ilikuwa imeweka katika albamu yake ya kwanza kelele za waandamanaji wa mjini Chicago wa Agosti 1968, na katika jalada la ya pili iliitaja mapinduzi kana kwamba yako mlangoni. Carnegie Hall walipiga “A Song for Richard and His Friends”, ambao Lamm aliuelekeza kwa Rais Nixon miaka mitatu kabla hajajiuzulu mwaka 1974. Katika kasha la albamu zikatiwa taarifa za sheria za kupiga kura za majimbo, kwa kuwa Julai 1971 katiba ya Marekani ilikuwa imerekebishwa ili vijana wa miaka 18 wapate kura. Aweza mtu kucheka kwamba mapinduzi yaliishia kuwa karatasi ya kujiandikishia. Cheko hilo lingekuwa la haraka. Kati ya ahadi zote zilizotolewa na wapigaji wa roki wa enzi hiyo, chache zilikuja na maelekezo ya namna ya kuzitimiza.

Juni 1972 bendi ilirekodiwa tena jukwaani, mara hii Osaka, na albamu ikatolewa nchini Japani. Sauti ni bora. Wapulizaji wako mbele, wamenona, wako sawa. Waliimba “Lowdown” na “Questions 67 and 68” kwa maneno ya Kijapani, kitendo cha adabu ambacho waimbaji wa lugha kubwa hukifanya mara chache kwa wenyeji wao. Wengi huitaja Osaka kuwa ndiyo albamu ambayo Carnegie Hall ilipaswa kuwa. Kwa kipimo cha usafi ni kweli. Kwa kipimo kingine, tayari kuna kitu kilichokwisha kutatuliwa: nyimbo zimefupika, watu wanajua watakapofikia, na hatari imepungua. Kutoka hapo mpaka “If You Leave Me Now”, wimbo wa Cetera uliofika daraja la kwanza mwaka 1976, si mbali sana. Ni wimbo mtamu, usio na kosa la noti hata moja, na ndani yake ala za kupulizwa zimerudi katika utumishi, zikimfuata mwimbaji kwa hatua za adabu. Kath alikufa tarehe 23 Januari 1978 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, iliyofyatuka kwa ajali. Bendi iliendelea, ikauza sana katika miaka ya 1980 kwa nyimbo za mapenzi, na wengi walioijua kwa nyimbo hizo hawana sababu ya kudhani kwamba iliwahi kuwa kitu kingine.

Mwaka 2021 maonyesho yote manane ya Carnegie Hall yalitolewa katika sahani 16. Aliyeifanya kazi ya kuzirudia kanda na kuzipanga sauti upya, pamoja na fundi Tim Jessup, ni Loughnane, mpiga tarumbeta, mmoja wa wale watatu walioona wamedhulumiwa. Mwanachuoni aliyezoea kulinganisha miswada ya utenzi mmoja atajikuta nyumbani hapo, maana anayo sasa miswada minane ya “Ballet” iliyoandikwa kwa siku sita na mikono ile ile. Gitaa la Kath halijirudii. Kila usiku lina jambo jingine la kusema. Sehemu za wapulizaji zimeandikwa, noti kwa noti, na haziwezi kubadilika. Zinabadilika hata hivyo. Usiku mmoja noti ya mwisho ya kifungu inashikiliwa mpaka kikomo chake, usiku mwingine inaachwa mapema kidogo, na kinanda cha Lamm kinabaki peke yake kwa kitambo kifupi, kikingoja watu watatu wavute hewa.